Unapenda uandishi wa habari na unataka kazi serikalini? Anza na kikao kilicho karibu nawe

Vijana wa sekondari wananiuliza swali moja mara nyingi kuliko mengine yote: "Napenda uandishi wa habari, lakini pia nataka kufanya kazi serikalini. Nichague lipi?" Wanauliza kwa wasiwasi, kana kwamba dirisha la kuchagua linafungwa kesho. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza. Nilianza kama mwandishi wa habari za mabaraza na bunge, baadaye nikawa ofisa habari katika ofisi ya umma, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasimamia vijana wanaokuja kujifunza kazi. Jibu langu ni kwamba ukiwa bado na miaka 15 au 17 huna haja ya kuchagua, maana kinachotakiwa kufanywa sasa ni kilekile kwa njia zote mbili. Jifunze kuhudhuria kikao, kukisikiliza hadi mwisho, na kukiandika kwa usahihi ambao hata walioshindwa kwenye kura watasema, "Ndivyo ilivyokuwa."

Nitaeleza namna ya kufanya hivyo, na nitakaa zaidi pale ninapoona vijana wengi wanakwama.

Kwanza jiulize unataka kuingilia mlango upi

Serikalini watu huingia kwa milango mitatu. Wapo wanaochaguliwa kwa kura, kama madiwani na wabunge. Wapo wanaoteuliwa, kama mabalozi na wasemaji wa viongozi. Halafu wapo walio wengi kuliko hao wote: watumishi wa umma, wanaoomba ajira, wakafanyiwa usaili, wakabaki kazini hata uongozi mmoja unapoondoka na mwingine kuingia. Kijana mwenye mapenzi na kalamu mara nyingi hulisahau kundi hili la tatu, na humo ndimo kalamu inamotumika kuliko kwingine. Kuna ofisa habari. Kuna mwandishi wa hotuba. Kuna mtafiti wa bunge anayewafupishia wabunge muswada wa kurasa mia moja katika kurasa nne. Kuna waandishi wa Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, wanaonakili kila linalosemwa ukumbini. Kuna ofisa wa ubalozi anayeripoti nyumbani hali ilivyo kule alikotumwa, na mkaguzi wa hesabu ambaye ripoti yake itasomwa na watu wengi kuliko habari nyingi za magazeti.

Njia ya kutoka chumba cha habari hadi serikalini imepitwa na wengi. Benjamin Mkapa alisoma Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Makerere, akawa mhariri wa magazeti, mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, halafu waziri, na mwaka 1995 akachaguliwa kuwa rais wa Tanzania. Chrystia Freeland alifanya kazi katika gazeti la Financial Times kabla ya kuingia bunge la Kanada mwaka 2013. Samantha Power aliripoti vita vya Bosnia miaka ya 1990, na mwaka 2013 akawa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa. Nnamdi Azikiwe alianzisha gazeti la West African Pilot mwaka 1937, akaja kuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Huyu wa mwisho aliendesha gazeti na siasa kwa wakati mmoja, kwa kuwa gazeti lake lilikuwa chombo cha kudai uhuru na nyakati zile zilidai hivyo. Wewe usichukue mfano huo kama ruhusa. Wale wengine watatu waliacha kwanza kiti kimoja, ndipo wakakalia kingine, na ndivyo ninavyokushauri.

Kikao chenyewe

Usianze na bunge la taifa. Anza na serikali ya wanafunzi, kamati ya klabu, au kikao cha baraza la eneo lako kama kiko wazi kwa umma. Faida ya kikao kidogo ni kwamba unauona mzunguko mzima: hoja inaletwa, inapingwa, inapigiwa kura, halafu baada ya mwezi unarudi kuona kama lililoamuliwa limetekelezwa. Kwenye bunge la taifa mzunguko huo unaweza kuchukua miaka.

Kabla ya siku yenyewe, omba vitu viwili kwa katibu: ajenda, na muhtasari wa kikao kilichopita. Ukipewa muhtasari, fungua moja kwa moja sehemu ya yatokanayo. Hapo ndipo ahadi za kikao kilichopita zinapoulizwa: nani alipewa kazi gani, na imefikia wapi. Ahadi ikiwa imeandikwa "inaendelea kushughulikiwa" kwa vikao vitatu mfululizo, umeshapata habari kabla hujaingia ukumbini. Sehemu nyingine ya kuiangalia kwa makini ni mengineyo, ile ya mwisho kabisa. Watu wamechoka, wengine wameanza kukusanya makaratasi, na ndipo mtu anapochomeka jambo ambalo asingependa lijadiliwe kwa saa nzima. Mwandishi anayeondoka kabla ya mengineyo ameondoka mapema mno.

Ukifika, kaa mahali unapoona nyuso. Chora mchoro mdogo wa meza na uandike jina la kila aliyekaa, kwa herufi sahihi, pamoja na cheo chake. Usiyemjua mpe namba, utamuuliza jina mwishoni. Tumia kurasa mbili za daftari kwa pamoja: ukurasa wa kushoto andika yanayosemwa, wa kulia andika maswali yanayokujia. Alama za nukuu zitumie tu pale ulipoyashika maneno kama yalivyotamkwa. Usipokuwa na uhakika, andika maana bila nukuu. Na kila jambo zito linapotokea andika saa pembeni, itakusaidia kulipata haraka kama una sauti uliyorekodi kwa ruhusa.

Kuhusu kura nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapomtambua kijana makini. Tuseme mwenyekiti anatangaza kura 14 za ndiyo, 9 za hapana, na wajumbe 2 hawakuamua upande. Jumlisha hapohapo: 25. Rudi kwenye mahudhurio. Kama waliosaini ni 27, wawili wako wapi? Huenda walitoka kabla ya kura. Walitoka kwa sababu gani, na je, walikuwa upande ulioshindwa? Huenda mmoja hesabu ilimruka. Na je, akidi, yaani idadi inayotakiwa ili kikao kiwe halali, ilikuwa imetimia wakati wa kura au ilitimia wakati wa kufungua kikao tu? Hesabu ya nusu dakika inaweza kukupa swali ambalo hakuna mtu mzima ukumbini aliyelifikiria.

Kikao kikiisha, baki. Nenda kwanza kwa aliyeshindwa, kwa sababu aliyeshinda utampata wakati wowote. Muulize hoja yake kwa maneno yake, kisha umsomee ulivyoiandika. Usimpe habari nzima aihariri, msomee nukuu yake tu.

Kiandike mara mbili

Hili ndilo zoezi ninalowapa vijana wote, na sijaona linalolishinda. Usiku huohuo, kabla kumbukumbu haijafifia, andika kikao kimoja kwa namna mbili: mara ya kwanza kama habari, mara ya pili kama muhtasari rasmi.

Chukua mfano wa serikali ya wanafunzi iliyojadili maktaba. Habari inaweza kuanza hivi:

"Wanafunzi wanataka maktaba ya shule ifunguliwe Jumamosi asubuhi kuanzia muhula ujao. Pendekezo hilo lilipita kwa kura 14 dhidi ya 9, na sasa linasubiri uamuzi wa mkuu wa shule. Waliolipinga walisema hakuna aliyeeleza nani atakayesimamia maktaba siku hiyo, na swali hilo halikujibiwa hadi kikao kilipofungwa."

Muhtasari wa jambo hilohilo utakuwa hivi:

"Ajenda ya 3: Saa za maktaba. Kikao kilijadili pendekezo la kufungua maktaba Jumamosi asubuhi. Wajumbe walihoji suala la usimamizi. Pendekezo lilipitishwa kwa kura 14 za ndiyo na 9 za hapana. Wajumbe 2 hawakuamua upande. Azimio: katibu amwandikie mkuu wa shule barua ya maombi kabla ya mwisho wa mwezi. Mlezi wa wanafunzi apendekeze msimamizi katika kikao kijacho."

Linganisha. Habari imeanza na kinachomgusa msomaji, na haikuificha hoja ya walioshindwa. Muhtasari haukujali kinachovutia. Umetaja uamuzi, mhusika na tarehe, ili baada ya mwezi mtu asiseme hakuagizwa. Angalia pia neno "wanataka" mwanzoni mwa habari. Kijana mwingine angeandika "Maktaba kufunguliwa Jumamosi", na angekuwa amewapotosha wasomaji, kwa sababu serikali ya wanafunzi inaomba tu, anayeamua ni mkuu wa shule. Kila unapoandika habari ya chombo cha umma jiulize nani mwenye kauli ya mwisho. Kamati hushauri, baraza huamua, na mara nyingine hata uamuzi wa baraza husubiri kibali cha juu.

Ukirudia zoezi hili kikao baada ya kikao, utaanza kujijua. Wapo wanaofurahia ile habari na kuuona muhtasari kama adhabu. Wapo wanaogundua kwamba furaha yao iko kwenye lile azimio: wanataka kujua kama barua iliandikwa, na wanatamani wangeiandika wao. Hawa wa pili wana damu ya utumishi wa umma, hata kama bado wanajiita waandishi.

Soma karatasi ambazo wenzako wanazikwepa

Hotuba husomwa na wengi, majedwali husomwa na wachache. Uwe miongoni mwa wachache.

Kwenye bajeti, tafuta tarakimu tatu za mradi mmoja: fedha zilizoidhinishwa, zilizotolewa, na zilizotumika. Waziri anaweza kusema kweli tupu kwamba bilioni 10 zimetengwa kwa ajili ya maji, huku zilizofika kwenye mradi zikiwa bilioni 4 na zilizotumika bilioni 3. Tarakimu zote tatu ni sahihi, ila kila moja inasimulia jambo lake. Tenganisha pia matumizi ya kawaida, kama mishahara na umeme, na fedha za maendeleo, kama ujenzi.

Asilimia nazo zina mtego. Ufaulu ukipanda kutoka asilimia 20 hadi 25, umepanda kwa pointi 5 za asilimia, lakini ukilinganisha na ulipokuwa mwanzo umepanda kwa robo, yaani asilimia 25. Msemaji atachagua tarakimu kubwa, mpinzani atachagua ndogo. Wewe waeleze wasomaji zote mbili.

Ripoti za ukaguzi zinastahili muda wako kuliko karatasi nyingine yoyote. Watu wakisikia taasisi imepata hati safi hudhani maana yake hakuna aliyeiba. Sivyo. Hati safi inasema kwamba taarifa za fedha, kwa mambo yote makubwa, zimeandaliwa kwa kufuata viwango na zinaonyesha hali halisi. Haisemi kwamba fedha zilitumiwa kwa busara, wala haitoi hakikisho kwamba hakuna wizi. Kwa hiyo usiishie kwenye aina ya hati. Shuka hadi kwenye mapendekezo ya mkaguzi, hasa yale ya miaka iliyopita ambayo hayajatekelezwa.

Usipoipata karatasi unayoitaka, iombe kwa maandishi. Sweden ilikuwa na sheria ya kuwapa watu haki ya kuona nyaraka za serikali tangu mwaka 1766. Ibara ya 19 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataja haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka 1966, Afrika Kusini 2000, Uganda 2005, Nigeria 2011, Kenya na Tanzania 2016. Tafuta ya nchi yako uisome yenyewe, hasa vipengele vinavyosema nani anaruhusiwa kuomba, ofisi ina siku ngapi za kujibu, na ukinyimwa unakata rufaa wapi. Kama umri wako ni kikwazo, mwalimu au mzazi anaweza kusaini.

Siri ya barua nzuri ya maombi ni kutaja karatasi, wala si mada. Nikiwa ofisa habari nilipokea barua za "naomba taarifa zote kuhusu barabara". Barua ya namna hiyo huzunguka meza hadi meza. Lakini aliyeandika "naomba nakala ya mkataba wa matengenezo ya barabara fulani uliosainiwa kati ya Julai na Desemba mwaka jana" alimfanya mtunza kumbukumbu asimame na kwenda kabatini.

Mipaka ambayo huwezi kuicheza

Ukiwa kiongozi wa serikali ya wanafunzi, usiandike habari zake. Chagua moja kwa mwaka huo, mwakani badilisha. Ni zoezi la nidhamu utakayoihitaji baadaye, maana katika nchi nyingi mtumishi wa umma haruhusiwi kupigia chama kampeni, na chumba cha habari makini hakimruhusu mwandishi kuripoti taasisi inayomlipa.

Usirekodi mtu kwa siri. Usitaje majina ya wanafunzi wenzako katika mambo yanayoweza kuwadhuru, kama adhabu, ugonjwa au matatizo ya nyumbani. Mtu akikuambia "hili usiliandike", makubaliano hufanyika kabla hajalisema. Akishalisema kwanza ndipo akaomba lifichwe, huna wajibu huo, ingawa kwa mtoto mwenzako au mtu asiyezoea waandishi ningekushauri umhurumie. Na ukisikia jambo linalohatarisha maisha ya mtu, au linalokutia hofu, hiyo si kazi yako peke yako. Mpelekee mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo.

Yale unayoandika mtandaoni leo yatasomwa na jopo la usaili kesho. Kuikosoa serikali kwa hoja hakujamfungia mlango kila mtu, na nimewahi kumpendekeza kijana kwa sababu ya makala kali aliyoiandika dhidi ya ofisi yetu, kwa kuwa kila tarakimu ilikuwa sahihi. Matusi na uvumi ni jambo lingine.

Ukishaingia serikalini utakutana na mtihani wa upande wa pili. Ofisi moja niliyofanyia kazi ilitaka taarifa kwa vyombo vya habari iseme mradi wa maji umekamilika, wakati mabomba yalikuwa bado hayajaunganishwa. Niliandika: "Ujenzi wa tangi umekamilika. Kazi ya kuunganisha mabomba inaendelea." Mkuu wangu hakufurahi, lakini alisaini, kwa sababu nilimwonyesha kwamba mwandishi yeyote angeweza kwenda kufungua bomba. Ule mkono uliozoea kuandika yaliyotokea tu ndio ulionisaidia siku hiyo, na niliupata nikiwa mwandishi.

Masomo

Hapa nitapita haraka. Shahada ya uandishi wa habari ni nzuri, lakini si sharti. Uchumi, sheria, historia, takwimu na lugha vyote vinakupeleka kunakotakiwa, mradi uendelee kuandika kila wiki na kupata mtu wa kukusahihisha bila kukuonea haya. Usiikimbie hisabati. Waandishi wazuri wa habari za serikali ni wachache, na wengi wa wanaokosekana walikimbia hisabati. Lugha ya pili ni mtaji, hasa ukiufikiria ubalozi.

Kuomba nafasi ya kujifunza kazi

Usipeleke barua inayosema wewe ni mchapakazi na unapenda kuandika. Peleka kikao. Chagua kimoja ulichokihudhuria, ambatanisha habari yake na muhtasari wake, na chini yake ongeza aya fupi inayoeleza kilichotekelezwa na kisichotekelezwa ulipofuatilia baadaye. Kurasa tatu zinatosha. Kwa gazeti au redio, habari iwe juu. Kwa ofisi ya umma, muhtasari uwe juu. Taja jina la mwalimu au katibu anayeweza kuthibitisha kwamba ulikuwepo, baada ya kumwomba ruhusa.

Ukipata nafasi zote mbili, nenda chumba cha habari kwanza. Huko utafundishwa kuuliza na kumaliza kazi kabla ya saa ya mwisho, na hayo ni magumu kujifunza ukishazoea utaratibu wa ofisi. Ukifika ofisi ya umma omba wiki moja kwenye masijala, kule yanakotunzwa mafaili, hata kama wenzako wanagombania kukaa karibu na msemaji. Jifunze faili linafunguliwaje, barua inapewaje namba, na karatasi hupita kwa nani kabla ya kusainiwa. Siku ya kuondoka, waombe watu wawili, mmoja kila upande, wakubali kusoma kazi yako mara moja kwa mwezi, na uwatumie kweli.